Mzee ana ileostomi, anakunywa maji lita nne kwa siku lakini anazidi kukauka. Tunakosea wapi?

TandikaKwetu

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wenye ujuzi, hasa wauguzi na madaktari wa upasuaji.

Mzee wetu ana miaka 61. Amefanyiwa upasuaji wa saratani ya puru hapa Dar, utumbo mwembamba ukatolewa nje upande wa kulia wa tumbo (ndiyo hiyo ileostomi), choo kinatokea hapo na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa. Wamesema ni wa muda, utarudishwa ndani baadaye. Leo ni siku ya 13. Aliruhusiwa siku ya 6, siku ya 9 akarudishwa wodini kwa kuishiwa maji, akatundikiwa dripu, akachangamka, siku ya 10 tukarudi naye nyumbani. Sasa naona tunaelekea kulekule.

Hali ilivyo: mfuko tunaumwaga mara 9 au 10 kwa siku, usiku ukiwemo. Kinachotoka ni maji kabisa, hakina uzito hata kidogo. Ujazo hatujawahi kupima. Anakunywa maji safi kama lita nne kwa siku, juu yake madafu mawili na chai ya rangi. Tangu asubuhi amekojoa mara mbili tu, kidogo, rangi kama chai. Akisimama anaona kizunguzungu, usiku vigimbi vinamkaza. Uzito ulikuwa kilo 64 alipotoka wodini, leo 61 na nusu. Dawa anazotumia ni enalaprili na haidroklorothiazidi za presha, diklofenaki ya maumivu na omeprazoli. Chumvi kwenye chakula tumempunguzia sana kwa ajili ya hiyo presha.

Kinachotuchanganya ni kwamba kadiri anavyokunywa ndivyo mfuko unavyojaa. Je, tumwongezee maji au tumpunguzie? Na ni dalili gani zikitokea turudi hospitali bila kusubiri kliniki ya wiki ijayo?

---

MpwaWaTemeke

Pole kwa kuuguza kaka. Madafu ndiyo dripu ya asili, yana madini yote. Mpe hata manne kwa siku na maji ya kutosha, mwili utarudi.

---

NesiStoma

Kaka wa Tandika, pole. Swali lako la mwisho nalijibu kwanza kwa sababu ni la leo: mpelekeni mzee hospitali usiku huu. Kilo mbili na nusu ndani ya siku tatu si kukonda, ni maji. Kilo moja inayopotea haraka hivyo ni sawa na lita moja hivi. Mkojo mchache wa rangi ya chai, kizunguzungu akisimama na misuli kukaza vikikutana kwa mtu mwenye ileostomi, figo ziko hatarini, na kwa kinywa peke yake hamtaweza kufidia kwa haraka inayotakiwa.

Mkifika mapokezi msiseme tu "anaharisha", mtakaa kwenye benchi. Semeni hivi: "Ana ileostomi ya siku 13, ametoka wodini siku tatu zilizopita kwa kuishiwa maji, mkojo umepungua na amepoteza kilo mbili na nusu." Ombeni apimwe kreatinini na yurea (vipimo vya figo), sodiamu, potasiamu na magnesiamu, na presha apimwe akiwa amelala kisha akiwa amesimama. Ile namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi akisimama, damu imepungukiwa maji.

Bebeni dawa zake zote, pamoja na mifuko miwili mitatu ya akiba, maana si kila wodi inayo. Diklofenaki asimeze tena. Enalaprili na haidroklorothiazidi zisimezwe kesho asubuhi kabla daktari hajaona majibu ya damu. Njiani anywe ORS (ile chumvi na glukosi ya pakiti ya wanaoharisha) kwa mafunda madogo, si maji matupu.

Sasa nieleze kwa nini maji yanamkausha, kwa sababu jambo hili lisipoeleweka mtarudi wodini mara ya tatu.

Kila siku lita saba hadi tisa za majimaji hupita kwenye utumbo mwembamba: tunachokunywa, mate, maji ya tumbo, nyongo na maji ya kongosho. Utumbo mwembamba hunyonya sehemu kubwa, kisha lita moja hadi moja na nusu huvuka kwenda utumbo mpana, ambao kazi yake ni kurudisha mwilini karibu maji yote hayo pamoja na chumvi. Kwa mzee, utumbo mpana umerukwa. Kile ambacho ungekinyonya kinaingia mfukoni. Na si maji ya hivi hivi: katika kila lita inayotoka mnamwaga karibu gramu 6 za chumvi, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa.

Ukuta wa sehemu za juu za utumbo mwembamba hauzuii chumvi vizuri. Mtu akinywa maji matupu kwa wingi, chumvi ya mwilini huvutwa kuelekea kwenye yale maji ndani ya utumbo, na maji ya mwili huifuata. Vyote vinamalizikia mfukoni. Anasikia kiu, anakunywa tena, anapoteza zaidi. Chai ya rangi na kahawa ziko kundi hilohilo. Soda, juisi ya miwa na juisi za pakiti zinaharibu kwa njia nyingine: sukari iliyozidi huvuta maji kuja ndani ya utumbo.

Kinachonyonyeka vizuri ni maji yenye chumvi na glukosi kwa kipimo, maana hivyo viwili huingia mwilini kupitia mlango mmoja vikishikana mikono, na maji hufuata nyuma yao. Ndiyo maana ORS inafanya kazi kwenye kipindupindu, na ndiyo maana inafanya kazi hapa.

Kwa hiyo jibu la "tumwongezee au tumpunguzie" ni kwamba maji matupu yapungue na maji yenye chumvi yaongezeke. Asije mtu akasoma hapa akamnyima mgonjwa kinywaji.

---

MfamasiaWaKona

Naunga mkono alichosema Nesi, na MpwaWaTemeke naomba unielewe vizuri kuhusu madafu. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Anachopoteza mzee kwa wingi ni sodiamu. Pia anatumia enalaprili, dawa ambayo yenyewe hupandisha potasiamu, na figo zake sasa hivi zina mashaka. Potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Dafu moja moja kwa mtu aliyetulia na mwenye figo nzima halina neno, ila kwa mzee huyu kwa sasa hapana, hadi majibu ya damu yaonekane.

Kuhusu ORS. Pakiti ya fomula ya Shirika la Afya Duniani ya lita moja ina gramu 20.5: chumvi 2.6, glukosi 13.5, kloridi ya potasiamu 1.5 na sitrati ya sodiamu 2.9. Ukiichanganya sawasawa unapata sodiamu milimoli 75 kwa lita. Makosa ninayoyaona dirishani ni mawili. La kwanza, mtu anamimina pakiti ya lita nzima kwenye glasi moja ili "iwe kali". Hiyo inavuta maji kuja utumboni na kuongeza kuharisha. La pili, pakiti ya nusu lita inachanganywa kwenye chupa ya lita moja na nusu kwa sababu ndiyo chupa iliyopo. Hayo sasa ni maji matupu yenye ladha. Soma pakiti imeandikwa ujazo gani. Chupa mbili za nusu lita ndizo kipimo rahisi cha lita moja.

Kwa ileostomi inayomwaga sana madaktari wengi hupendelea mchanganyiko wenye chumvi zaidi kidogo, sodiamu milimoli 90 kwa lita: glukosi gramu 20, chumvi ya mezani gramu 3.5, bikaboneti ya sodiamu gramu 2.5, maji safi ya kunywa lita moja. Msipime kwa kijiko. Vijiko vya nyumbani havilingani, na chumvi laini na ile ya mawe hazina uzito mmoja. Mwombeni mfamasia awapimie kwa mizani na kufunga pakiti za siku moja moja. Bikaboneti iwe ya famasi. Magadi hapana, wala beking pauda ya maandazi. Glukosi ile ya kopo inafaa, ila isomeke kwamba ni glukosi tupu isiyochanganywa na kitu kingine.

Una ladha ya chumvi, wengi wanaukataa siku ya kwanza. Uwe wa baridi sana, tone mbili tatu za ndimu, na mrija. Sukari usiongeze.

---

DktWaZamu

Mengi yameshasemwa, mimi niongeze upande wa dawa na upande wa kutafuta chanzo.

Enalaprili, losartani na wenzao, haidroklorothiazidi, furosemidi, diklofenaki, ibuprofeni: hizi kwa mtu aliyekauka zinaisukuma figo shimoni. Dawa ya kuongeza mkojo kwa mwenye ileostomi mpya inahitaji sababu nzito sana. Presha ya mzee huenda sasa iko chini, na mkifuata dozi za zamani mnaishusha zaidi. Mwenye kisukari anayetumia metformini naye amuulize daktari kuhusu kuisimamisha anapokauka. Kwa maumivu parasetamoli inatosha wengi.

Halafu angalieni vidonge vyenyewe. Vidonge vya kuachia dawa polepole, kama nifedipini ya aina hiyo, na vile vilivyofunikwa ili viyeyuke mbele ya safari, mara nyingi hupita na kutokea mfukoni vikiwa vizima. Mkikiona kidonge mfukoni mwambieni daktari, abadilishe aina.

Mfuko ukimwaga zaidi ya lita moja na nusu kwa saa 24 tusikimbilie tu dawa ya kufunga. Kwanza tunajiuliza kwa nini. Inaweza kuwa maambukizi ya tumbo, usaha uliojificha ndani baada ya upasuaji, au utumbo ulioziba nusu, ambao kwa kushangaza hutoa maji mengi huku tumbo likisokota. Inaweza kuwa dawa ambazo mtu kaandikiwa kwa nia njema: metoklopramidi ya kichefuchefu na erithromisini zote mbili huharakisha mwendo wa utumbo. Kusimamisha ghafla vidonge vya steroidi pia. Na zile dawa za mitishamba za kusafisha tumbo zisimkaribie kabisa.

Vikishaondolewa hivyo ndipo loperamidi inafanya kazi yake. Huanza na miligramu 2 mara nne kwa siku, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula na kabla ya kulala, na daktari anaweza kupandisha hadi miligramu 4 mara nne, yaani 16 kwa siku. Ikimezwa baada ya chakula inakuwa imechelewa basi. Isimezwe akiwa na homa, damu kwenye choo, tumbo kuvimba au kutapika. Omeprazoli anayotumia iendelee, inapunguza maji ya tumbo.

Magnesiamu msiidharau. Vigimbi kukaza na vidole kufa ganzi mara nyingi ni yenyewe, na potasiamu iliyoshuka haipandi vizuri mpaka sodiamu na magnesiamu zirekebishwe. Ila vidonge vya magnesiamu vyenyewe vinaweza kulegeza choo, kwa hiyo visinunuliwe bila kipimo. Kuna pia kipimo rahisi cha sodiamu kwenye mkojo: ikiwa chini ya milimoli 20 kwa lita, mwili unang'ang'ania chumvi kwa sababu umepungukiwa nayo, hata kama sodiamu ya damu inaonekana sawa.

Akiruhusiwa, damu irudiwe ndani ya siku tatu hadi tano, kisha kila wiki mpaka namba zitulie. Kumwambia mtu wa siku ya sita "tuonane kliniki baada ya wiki mbili" ni kumwacha peke yake katika siku zile zile ambazo watu hukauka. Hospitali moja ya Boston, Marekani, ilichapisha mwaka 2012 matokeo ya utaratibu wao: mgonjwa anafundishwa kabla ya kutoka, anapewa vyombo vya kupimia, anaandika mwenyewe kinachoingia na kinachotoka. Waliolazwa tena kwa kuishiwa maji walishuka kutoka asilimia 15.5 hadi sifuri. Hakuna mashine hapo. Ni jagi, daftari na mtu wa kupigiwa simu.

---

JikoLaMgonjwa

Kwenye chakula, acheni kumnyima chumvi. Najua inauma kusikia hivyo kwa mtu wa presha, lakini kwa sasa chumvi inatoka kwa kijiko na mnairudisha kwa punje. Chumvi ya kawaida kwenye mboga, na kidogo juu ya yai la kuchemsha au viazi. Uji uwe na chumvi badala ya sukari. Daktari akisema presha imepanda ndipo mrudi nyuma. Mwenye moyo kushindwa kazi au figo mbovu za siku nyingi apangiwe chake, asifuate hiki.

Vinavyofanya choo kishikane: wali mweupe, ugali wa sembe, viazi mviringo, muhogo wa kuchemsha uliotolewa ule uzi wa katikati, tambi, mkate mweupe, ndizi mbivu, siagi laini ya karanga. Ale kidogo mara tano sita, si sahani mbili za kujaza. Asinywe glasi nzima pamoja na chakula. Aache kama nusu saa kabla na nusu saa baada, la sivyo chakula kinasombwa kabla ya kunyonywa.

Wiki sita hadi nane za mwanzo utumbo umevimba pale unapopita kwenye ukuta wa tumbo, tundu ni jembamba. Mahindi ya kuchoma, bisi, karanga nzima, korosho, uyoga, vipande vya nazi, embe lenye nyuzi, chungwa na ngozi zake za ndani, mabua ya matembele: hivyo ndivyo huziba. Tui la nazi lililochujwa linafaa, machicha hapana. Maharage apate supu yake tu kwa sasa. Na kila tonge litafunwe mpaka liwe uji.

Nimesikia familia nyingine zikimpunguzia mgonjwa chakula ili mfuko usijae, kwa sababu mifuko ni ghali. Tumbo tupu bado linatoa maji. Utapata maji matupu mfukoni na mgonjwa dhaifu.

---

NesiStoma

Hilo la gharama nilizungumzie kidogo. Mfuko wenye mdomo wa kumwagia chini hautupwi kila ukijaa. Unamwagwa ukifika theluthi, usizidi nusu, maana uzito ndio unaobandua. Sehemu inayobandikwa ngozini inakaa siku tatu hadi nne ikikatwa vizuri: tundu lizidi stoma, yaani ule mdomo wa utumbo uliotokeza nje, kwa milimita 2 au 3 tu. Stoma hunywea wiki za mwanzo, kwa hiyo pimeni upya kila mnapobadilisha. Tundu la wiki iliyopita likitumika leo ngozi inaungua na mfuko unavuja. Mkiona unavuja kila siku, angalieni kwanza kama choo kimekuwa maji, kabla ya kulaumu gundi.

---

TandikaKwetu

Wakuu, asanteni sana. Nawapa mrejesho. Tulimpeleka usiku uleule. Kreatinini ilikuwa 212, kabla ya upasuaji ilikuwa 88. Sodiamu 128, magnesiamu chini. Wodini walipima mfuko: mililita 2,400 kwa siku ya kwanza. Amewekewa dripu ya chumvi siku tatu, kinywani ORS na maji matupu machache. Loperamidi miligramu 4 mara nne. Haidroklorothiazidi na diklofenaki vimefutwa, enalaprili imesimamishwa mpaka kliniki. Leo kreatinini ni 104 na mfuko umeshuka hadi 1,300. Kesho wanasema anaweza kutoka, damu irudiwe baada ya siku nne.

Nimenunua jagi la lita moja lenye alama za mililita. Naomba mpangilio wa siku nzima, nani afanye nini saa ngapi, ili hata mdogo wangu akibaki naye asikosee.

---

NesiStoma

Ashukuriwe Mungu mmewahi. Nunua jagi la pili, moja la mfuko na moja la mkojo, uyaandike kwa kalamu ya wino usiofutika yasije yakachanganywa. Daftari liwe na safu nne: saa, alichokunywa, mfuko, mkojo. Andika papo hapo, jioni hakuna anayekumbuka.

Siku yenu ianze saa 12 asubuhi. Mwaga mfuko, akojoe, kisha apande mizani kabla ya kuweka kitu kinywani, akiwa na nguo nyepesi zilezile kila siku. Funga hesabu ya saa 24 zilizopita na uandike jumla. Hapo ndipo unachanganya lita mpya ya ORS na kumwaga iliyobaki jana.

Loperamidi nusu saa kabla ya chai ya asubuhi, kabla ya chakula cha mchana, kabla ya cha jioni na kabla ya kulala. Wekeni kengele ya simu. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku anywe ORS nusu glasi, yaani mililita 100 hivi, kila baada ya saa moja na nusu, mpaka lita iishe. Funda kubwa kwa mpigo linapita moja kwa moja. Vinywaji vingine vyote, maji, chai, maziwa, supu isiyo na chumvi, visizidi lita moja kwa jumla maadamu mfuko uko juu ya lita moja kwa siku. Mjaze chupa mbili za nusu lita asubuhi, zikiisha zimeisha. Kiu ikimshika, asukutue mdomo au amumunye kipande cha barafu, na kama bado, ORS nyingine.

Joto la Dar la Desemba hadi Machi lina hesabu yake. Siku ambayo shati linaloa jasho mwongezee ORS nusu lita, na safari ya kliniki asitoke bila chupa yake mkononi. Foleni ya Mbagala mnaijua.

Usomaji wa daftari sasa. Mfuko chini ya lita moja na mkojo lita moja au zaidi, wa njano nyepesi: endeleeni hivyo. Mfuko kati ya lita moja na moja na nusu: ORS isikosekane, maji matupu yabane, muangalie uzito. Ukivuka lita moja na nusu kwa saa 24, au kilo mbili zikishuka ndani ya siku mbili tatu, mpigie daktari siku hiyohiyo. Mfuko lita mbili, au mkojo chini ya nusu lita kwa saa 24, au kizunguzungu akisimama, au kila anachokunywa anatapika: nendeni bila kupiga simu. Na upande wa pili, mfuko ukikauka saa nne hadi sita huku tumbo linasokota na kuvimba au anatapika, huo ni utumbo kuziba. Loperamidi simamisha, asile chochote, nendeni.

Kwa kawaida utumbo hujifunza. Wiki zinavyokwenda choo hushuka hadi mililita 500 mpaka 800 kwa siku na kuwa kama uji mzito. Hapo daktari ndiye atakayelegeza masharti ya maji na kupunguza loperamidi, msijipunguzie wenyewe siku mbili nzuri zikipita.

---

BintiGerezani

Samahani kuingilia kati. Mama yangu naye ana ileostomi, wiki ya tano sasa. Anaulizia kuhusu kufunga sunna za Jumatatu na Alhamisi. Anahisi yuko vizuri.

---

DktWaZamu

Dada, kwa sasa asifunge. Wiki ya tano utumbo bado haujazoea, na mfuko hausubiri magharibi: unaendelea kumwaga chumvi mchana kutwa bila kurudishiwa kitu, kisha futari inakuja na uji wa sukari, juisi na maji mengi kwa mpigo, vitu vilevile vinavyoongeza kumwaga. Miezi ikipita, mfuko ukiwa umetulia na damu ikiwa sawa, azungumze na daktari wake kabla ya kujaribu hata siku moja. Dini imempa mgonjwa ruhusa, aitumie.

---

TandikaKwetu

Nesi, nimeinakili yote na kuibandika ukutani. Swali la mwisho kwa mfamasia: famasi ya jirani ina pakiti za nusu lita tu. Nichanganye mbili kwa pamoja? Na umeme ukikatika, ORS iliyotoka kwenye friji inaharibika?

---

MfamasiaWaKona

Ndiyo, pakiti mbili za nusu lita kwenye lita moja ya maji ni sawasawa kabisa. Kwa wiki chukua 14, ongeza 6 za akiba kwa siku za joto au za kumwaga sana. Hakikisha tarehe ya mwisho, na unga usiwe umeganda kama jiwe. Zile zinazouzwa pamoja na vidonge vya zinki za watoto, ORS yake ni ileile. Zinki usimpe bila kuandikiwa.

Ikishachanganywa inadumu saa 24, kwenye chombo safi chenye mfuniko. Umeme ukikatika haiharibiki kwa saa chache, inakosa ubaridi tu, na ndipo mzee atakapoikataa. Tumia chupa ya chai: osha, ibaki bila harufu ya tangawizi, mimina ORS ya baridi asubuhi, itakaa baridi mpaka jioni. Usiichemshe baada ya kuchanganya. Chemsha maji kwanza, yapoe kabisa, ndipo utie unga.